Ukuta Nilioufuta

Ijumaa. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na nguo tulizoanika juzi bado mbichi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si kaka Elia, wala rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Sikuliandika hata kwenye daftari langu, na daftari langu hunivumilia mengi. Naliandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa husomwa na watu wachache, na wengi wao hawajui sura yangu.

Nilifuta ukuta wa baba.

Sisemi ukuta wa mawe wa kweli. Huo haujajengwa, na huenda usijengwe kabisa, ndiyo maana naandika leo. Nasema ukuta uliokuwa kwenye mchoro wake. Nilibonyeza kitufe kimoja, ukaondoka, na picha ikapendeza.

Nianze mwanzo.

Baba ni fundi mwashi. Tunakaa mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lushoto mjini, na nyumba nyingi unazoziona ukipanda huku amezijenga yeye au amewahi kuzikarabati. Michoro yake huichora kwa penseli na rula ya shule juu ya karatasi ya manila. Kuchora hakusomea darasani. Alijifunza kwa fundi aliyemtangulia, na ana sheria zake mwenyewe: mstari mwembamba ni tofali, mstari mnene ni jiwe, mstari wa vipande vipande ni kitu kilichofichika. Sheria hizo hazijaandikwa popote. Mimi nazijua kwa sababu tangu nikiwa darasa la pili mimi ndiye niliyekuwa nachonga penseli zake.

Kanisa la mtaa wetu linataka kujenga chumba cha chekechea. Kwa sasa watoto husomea kanisani, kwenye benchi za nyuma, na ikitokea ibada ya mazishi wanarudishwa nyumbani. Kiwanja kilichopatikana kiko nyuma ya kanisa, chini ya mteremko. Masika iliyopita udongo wa mteremko huo uliteremka ukajaza jiko la zamani la kanisa mpaka usawa wa dirisha. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa siku ambayo hakuna aliyekuwa akipika.

Kamati ya ujenzi ilipomwomba baba mchoro, aliwapelekea manila yake. Wiki hiyohiyo fundi mmoja wa mjini alileta picha ya rangi, nyumba imekamilika na maua mlangoni. Katibu wa kamati, Baba Tumaini, alimwambia baba mbele ya watu, "Fundi, wewe umetuletea mistari. Mwenzako ametuletea nyumba."

Baba alirudi nyumbani akakaa kizingitini. Mama ndiye aliyetusimulia, alisikia kwa majirani.

Nikasema nitamsaidia. Sikuombwa. Nataka hilo lijulikane, kwamba sikuombwa.

Kaka Elia anasoma chuo cha ufundi, na likizo iliyopita aliacha nyumbani kompyuta yake ya zamani. Betri imekufa, inawaka tu ikiwa kwenye umeme. Alinifundisha programu ya kuchorea majengo, kisha akarudi chuoni na kuniacha nayo. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani, kidato cha tatu, nikiulizwa swali ninalolijua jibu lake, jibu halinitoki mpaka mwalimu anamwita mwingine. Lakini mbele ya programu ile naweza kukaa saa nne bila mtu kuniuliza lolote, na kila ninachokijua kinaonekana.

Mchoro bapa, ukiutazama, ni mistari tu. Unaupiga picha kwa simu, unauingiza kwenye programu, halafu unaiambia urefu wa kitu kimoja unachokijua, mathalani upana wa mlango, nayo inajua vipimo vingine vyote. Kisha unapita juu ya kila mstari, polepole. Nilipita juu ya penseli ya baba utadhani ninamshika mkono. Ukimaliza unalishika umbo la ukuta na kulivuta juu, na chumba kinasimama. Mara ya kwanza nilipoona chumba kikisimama nilipiga kelele, mama akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Chumba kilichosimama bado ni kijivu, kama boksi la viatu. Hatua inayofuata kaka anaiita kurenda. Mimi kwenye daftari naiita kuvalisha. Unavalisha kuta tofali, paa bati, sakafu saruji, halafu unaweka jua na kuchagua saa.

Tofali za programu hazikunipendeza. Zinajirudia. Tofali lenye doa unaliona tena kila baada ya mita moja, na jicho linashtuka hata kama mtu hajui linashtushwa na nini. Kwa hiyo nilikwenda kupiga picha kuta za majirani. Niligundua kwamba siku ya ukungu ndiyo nzuri kwa kazi hiyo, kwa sababu ukipiga ukuta siku ya jua, kivuli chake kinabaki kwenye picha na baadaye kinagombana na jua la programu. Mzee mmoja alinikuta nimesimama na simu mbele ya ukuta wa choo chake.

"Umetumwa na kata?" akaniuliza.

"Hapana, shikamoo," nikasema, na nikakimbia.

Niliweka hata matope. Chini ya kuta, pale maji ya paa yanapoanguka na kurusha udongo mwekundu, nilipaka wekundu ule kidogo kidogo. Bila matope nyumba inaonekana haijawahi kunyeshewa, na huku kwetu hakuna nyumba ya namna hiyo. Nilitumia siku mbili kwa matope tu. Ninapokumbuka jinsi nilivyokuwa mwaminifu kwa matope nataka kujifunika uso.

Maana nyuma ya chumba, kwenye manila ya baba, kulikuwa na mstari mmoja mnene kutoka kona hadi kona. Niliuelewa mara moja. Ni ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Niliuvuta juu kama kuta nyingine, nikauvalisha mawe.

Kisha nikaweka kamera ndani ya chumba, ikitazama madirisha ya nyuma. Nilitaka wajumbe waone mwanga ukiingia. Haukuingia. Madirisha yote manne yalikuwa yamejaa mawe. Nikabadilisha saa ya jua: saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa. Giza lilelile. Chumba cha watoto kilikuwa kama stoo ya viazi.

Nikaufuta ukuta.

Mteremko wenyewe sikuwa nimeuweka, kwa kuwa ardhi ya programu ni shuka la kijani lililonyooka lisilo na mwisho, na kuikunja sikujua. Huku kwetu hata uwanja wa mpira wa shule umeinama. Mpira ukitoka upande wa chini, mechi inasimama mpaka mtu apande nao. Niliacha lile shuka kama lilivyo. Nje ya madirisha nikaweka picha ya milima niliyoipiga siku moja barabarani, milima mitatu ya bluu, mmoja nyuma ya mwingine. Mwanga ukaingia. Ukaanguka sakafuni kwa miraba minne.

Nililitazama jambo lile nikajisikia mtu mwenye uwezo.

Kamati iliangalia picha kwenye skrini kwa muda mrefu. Mwalimu Anjela, anayefundisha chekechea, aligusa ile miraba ya mwanga kwa kidole akasema, "Hapa nitawakalisha wadogo kabisa." Watu wanaoujua mteremko ule kwa miguu yao waliangalia picha isiyo na mteremko, na hakuna aliyeuliza. Nadhani walipenda kuamini. Au mimi ndiye napenda kuamini hivyo, ili kosa ligawanyike.

Baba akapewa kazi. Tulipotoka kwenye kikao alikuwa ameniwekea mkono begani, jambo asilolifanya mbele ya watu, akimwambia kila aliyepita, "Huyu ndiye aliyeifanya. Mimi nilichora mistari tu."

Sikusema. Nilifikiri, baba anajua kuna ukuta, atajenga ukuta, picha itasahaulika.

Jana nilijua kwamba picha haisahauliki.

Baba alikuwa ameshapigilia vigingi, nami baada ya shule nilikwenda kumshikia kamba. Kamati ilikuja kuangalia. Baba akawaambia kwamba kabla ya msingi waanze na ukuta wa nyuma, Jumamosi mbili za msaragambo, kazi ya pamoja ya washarika wote, kukusanya mawe, ya tatu kujenga.

"Ukuta gani tena, fundi?" Baba Tumaini akauliza.

"Wa kuzuia udongo."

Baba Tumaini akatoa simu yake. Picha yangu ndiyo iliyokuwa pale mbele, alipoiwasha tu. "Mimi hapa naona madirisha. Naona milima. Ukuta siuoni."

Baba akakunjua manila. "Huu hapa."

"Huo mstari."

"Ndio ukuta wenyewe."

"Fundi, karatasi yako nzima ni mistari!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema Baba Elia anataka tubebe mawe mpaka wajukuu zetu wamalize chekechea, wakacheka tena. Mwenyekiti, Mzee Yona, hakucheka. Alisema kwa upole kwamba udongo utakatwa wima na kuachwa umesimama, mbona barabara imekatwa hivyohivyo.

"Na barabara hufunga kila masika, mzee," baba akasema.

"Tulichopitisha ni picha," Baba Tumaini akasema, na sasa hakuwa akitania. "Usituongezee kazi ambayo haikuwemo. Watu wataanza kusema fundi alitafuta kazi kwa picha nzuri, na sasa anatuletea mengine."

Baba aliitazama karatasi yake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona mstari mmoja. Kisha akaniangalia, si kwa kunishuku, bali kama anayemwomba mtu radhi.

"Labda sikuuchora vizuri," akasema. "Mashine haikuuona."

Nilikuwa nimeshika kamba.

Nikaendelea kushika kamba.

Wamekubaliana msingi uanze kuchimbwa Jumatatu, bila ukuta. Jioni baba alikaa mezani akaupita mstari ule kwa penseli mara tatu, akigandamiza mpaka manila ikaingia ndani. "Naomi," akaniita, "ukiangalia hapa, si unaona ni mnene?"

"Naona, baba."

"Mkono wangu umeanza kulegea," akasema. Akazifunga penseli zake kwa mpira.

Leo nimempigia kaka Elia. Nilimuuliza kwa kuzunguka. Nilisema ukuta umekosekana kwenye picha, sikusema umekosekanaje. Akacheka.

"Sasa hapo unalia nini? Waambie programu ilikorofisha. Huku chuoni kila kosa tunaisingizia programu, na haijawahi kukataa."

"Na baba?"

"Urudishe ukuta, sema sasa umesomeka. Mzee anapata ukuta wake, wewe unabaki salama. Kuna tatizo gani?"

Nimekaa nikilitafuta tatizo na kwa muda sikuliona. Watoto wangekuwa salama. Kazi ingebaki kwa baba. Hata mimi ningebaki yule binti wa fundi aliyefanya maajabu kwa kompyuta. Ningekuwa mtu mzuri kwa bei ya uongo mdogo ambao haumuumizi mtu.

Isipokuwa baba angebaki akiamini kwamba mstari wake hausomeki.

Bado sijui nitafanya nini. Naandika "sijui", na wakati huohuo najua.

*

Jumapili, mchana. Kumetoka jua.

Jana nilirudisha ukuta. Ilinichukua dakika kumi, ukiacha madirisha, ambayo niliyatazama yakiwa giza kwa zaidi ya saa nzima. Picha ya milima niliitoa.

Leo baada ya ibada, watu walipokuwa nje kwenye mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi na kabichi zikinadiwa kwa vicheko, nilimwendea Mzee Yona nikamwomba dakika chache za kamati. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, kisha karatasi ikalowa mkononi kwa jasho. Walikusanyika kwenye kile chumba kidogo pembeni ya madhabahu, kwa sababu ndicho chenye soketi. Baba naye aliitwa. Alikuja akiwa na kofia mkononi, akijua kwamba nina picha mpya na hajui lingine lolote.

Nilimsalimia kila mmoja shikamoo, mmoja mmoja, na nilitamani wangekuwa hamsini.

Kompyuta ikawaka. Mwalimu Anjela alikuwa wa kwanza kusogea.

"Mbona giza hivi?"

"Ni ukuta," nikasema. "Uko nyuma ya madirisha."

"Ahaa," Baba Tumaini akasema. "Kumbe leo mashine imeuona."

Alinifungulia mlango mwenyewe, na mlango ulikuwa mpana. Nilihitaji neno moja tu. Hata kutikisa kichwa kungetosha.

"Hapana," nikasema. "Iliuona tangu mwanzo. Niliufuta mimi."

Mzee Yona hasikii vizuri. "Anasema nini?" akamuuliza jirani yake. Jirani hakumjibu. Ikabidi niseme tena kwa sauti, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mara ya kwanza maneno yalinitoka na mara ya pili niliyatoa.

"Baba aliuchora ukuta. Mstari wake mnene ni jiwe, ndivyo anavyochora siku zote. Mimi niliuona, na niliufuta ili picha ipendeze. Milima haitaonekana. Niliibandika."

Nje mtu alipiga kelele kwamba kabichi imepata mwenyewe.

"Kwa hiyo ulitudanganya," Baba Tumaini akasema.

"Ndiyo."

"Na fundi alijua?"

"Hakujua."

"Utasema nini kingine? Wewe ni mtoto wake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika maandalizi yangu yote nilidhani nikisema ukweli baba atakuwa msafi papo hapo. Sikujua kwamba ukweli wangu unaweza kumchafua zaidi.

Baba alisimama. "Sikujua," akasema. "Lakini kazi niliyowaletea ni yangu. Nilisimama mbele yenu nikasema hii ni kazi yangu na binti yangu. Ikiwa na kosa, kosa ni la fundi."

Mwalimu Anjela bado alikuwa akitazama skrini. "Mimi nimeshawaambia watoto wataona milima," akasema. Alisema taratibu, bila hasira yoyote, na mimi nikaanza kulia hapo, si pale nilipoitwa mwongo.

Waliamua hivi. Msingi usianze kesho. Yule fundi wa mjini, wa picha yenye maua, aombwe kuja Jumatano, aangalie mteremko, aseme kama ukuta unahitajika au hauhitajiki. Kisha kamati itakaa upya kuamua kazi ni ya nani.

Kazi ni ya nani. Walisema hivyo baba akiwa amesimama palepale.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma na kompyuta mgongoni. Nyumbani sisi huongea Kishambaa. Njiani aliniuliza kwa Kiswahili, kama anavyoongea na watu wa ofisini.

"Ulifuta lini?"

"Siku ileile ya kwanza."

"Na Alhamisi ulikuwa umeshika kamba."

"Ndiyo, baba."

Tukapita shamba la jirani, tukapita kisima. Nilifikiri amemaliza.

"Siku tatu nalaumu mkono wangu," akasema.

"Nisamehe, baba."

Mchana alikula, akamshukuru mama kwa chakula, akaenda kulala. Mama ananitazama bila kuniuliza kitu, naye ameshasikia, maana huku habari hutangulia mtu nyumbani kwake.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Vitabu vyote nilivyosoma vinaahidi hivyo. Sijisikii mwepesi. Najisikia kama mtu aliyetoa jiwe mahali fulani na sasa anasubiri kuona ni nini kingine kitateremka.

Je, ningefanya vilevile kama ningejua kwamba kazi inaweza kumponyoka? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu linabadilika kila ninapojiuliza, na hilo linanitisha kuliko yote.

*

Jumatatu, jioni. Mawingu, lakini hakujanyesha.

Nimerudi kutoka shule, baba hayupo. Mama amesema, "Yuko kanisani na mpira wake." Nikaweka begi chini nikaenda nikiwa na sare.

Nilimkuta peke yake kwenye kiwanja, amekunjua mpira mrefu unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Mafundi huutumia kupimia usawa: maji hukaa kimo kimoja ncha zote mbili, hata ncha moja iwe juu ya mlima na nyingine bondeni. Ni kazi ya watu wawili. Alikuwa amefunga ncha moja kwenye kigingi cha juu na alikuwa akihangaika na nyingine chini, akipanda kuangalia, akiteremka kurekebisha, akipanda tena.

Hakuniita. Nilipanda nikaifungua ile ncha kwenye kigingi, nikaishika usawa wa ardhi.

Alinitazama kutoka chini. Kisha akasimamisha fito ndefu kwenye kigingi chake akaanza kuinua mpira.

"Maji?"

"Bado yanapanda."

"Sasa?"

"Yamesimama, baba."

Aliweka alama kwenye fito, akapima kwa tepu. Kutoka pale nilipokuwa mimi hadi pale alipokuwa yeye kulikuwa na mita mbili na sentimita thelathini na tano. Ndio urefu wa udongo utakaosimama nyuma ya madirisha ya watoto. Tulipima kona ya kulia, katikati, na kona ya kushoto. Kila kipimo alikitamka mara mbili, nami nikakiandika nyuma ya daftari la fizikia. Tulipomaliza aliukunja mpira begani akaniambia nitangulie, yeye anataka kuangalia maji ya mvua yanapita wapi.

Nyumbani nilifungua kompyuta. Nilisoma mwongozo wa programu, ile sehemu niliyoiruka mwanzoni kwa sababu ni ndefu, mpaka nikajua jinsi ya kukunja ardhi. Nikaushika ukingo wa nyuma wa lile shuka la kijani nikauvuta juu kwa vipimo vitatu tulivyopima. Chumba kikaonekana kilivyo, kimekaa kwenye goti la mlima. Nikaupa ukuta urefu wake halisi. Nikatengeneza picha tatu: moja ya mbele, moja ya ubavuni inayoonyesha udongo umeegemea mawe, moja ya ndani. Ya ndani ni giza. Sikugusa saa ya jua.

Nikaziweka kwenye flashi pamoja na picha ya manila ya baba, nikatembea mpaka kwa Baba Tumaini. Nilibisha hodi mara mbili, kwa sababu ya kwanza hata mimi sikuisikia. Akatoka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nini tena?"

"Ni picha za kumpa fundi wa Jumatano. Na vipimo vya mteremko. Tumepima leo."

Akaigeuza flashi kiganjani. "Hizi zina ukuta?"

"Zina ukuta."

"Na milima?"

"Hakuna milima."

Alinitazama kidogo, akaitia flashi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nikaaga, nikarudi nyumbani kuandika haya.